Santuri za Ukambani zinarudi sokoni, lakini majina ya wapigaji yako wapi?

Wewe uliyekulia Kitui ama Makueni, nikuulize kitu kabla hatujaenda mbali. Harusi ya mwisho uliyohudhuria kijijini, ile saa wazee waliacha viti vyao wakaingia uwanjani na bakora mkononi, DJ alikuwa ameweka ngoma gani? Nabashiri ilikuwa benga ya zamani ya Kikamba. Uliijua. Pengine hata kiitikio ulikiimba. Sasa nitajie jina la aliyepiga gita la pili kwenye ngoma hiyo. Nitajie mpiga besi. Nitajie aliyekuwa kwenye drams.

Hujui. Usijali, hata mimi sikujua, na mmoja wao ni babu yangu.

Babu mzaa mama alipiga besi miaka ya sabini. Bendi haikuvuma sana, lakini ilirekodi. Walipanda basi la usiku hadi Nairobi, wakaingia studio ya mtaa wa River Road asubuhi, wakapiga nyimbo mbili, wakalipwa pesa taslimu na kurudi Makueni siku hiyo hiyo. Baada ya wiki kadhaa santuri ikatoka. Kwenye ile karatasi ya duara katikati kuliandikwa jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtunzi mmoja. Hao wengine wanne hawakuandikwa popote.

Nakala ya babu ilikaa kwenye sanduku la mbao pamoja na santuri nyingine karibu arobaini. Kinanda kiliharibika, sanduku likahamia stoo ya mahindi. Kisha siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Nairobi, mjomba akamuuzia sanduku zima kwa bei ya mbuzi wawili. Kipindi hicho kulikuwa na ukame na karo inadaiwa. Mimi simlaumu mjomba, na yule mnunuzi hakuiba. Alilipa alichoitishwa.

Nimeanza na nyumbani kwa sababu hadithi hii ni ya boma nyingi za kwetu, kuanzia Mutomo hadi Mwingi, kuanzia Kibwezi hadi Mbooni. Santuri zetu zimetoka. Zimeenda kwa wakusanyaji wa Nairobi, London, Berlin na Tokyo, na baadhi zimeanza kurudi zikiwa zimesafishwa na kuvalishwa jalada jipya. Swali langu leo ni moja tu: zinaporudi, zinarudi na nini?

Kwanza tuelewane tunazungumzia muziki gani. Zamani neno jazz kwenye jina la bendi za Afrika Mashariki halikuwa na maana ya muziki wa New Orleans. Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani ilikuwa ya benga. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa ya dansi. Jazz ilikuwa namna ya kutangaza kwamba sisi ni bendi ya kisasa, tuna magita na tunaweza kukesha na nyinyi. Ukambani wengi walipendelea majina ya undugu: Boys, Brothers, Sisters. Kukawa na Kyanganga Boys ya Peter Mwambi. Kukawa na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, ambayo ndiyo ilipigia Kalambya Sisters, wale akina dada wa sauti nyembamba waliotikisa nchi na wimbo Katelina. Na kukawa na Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, aliyeimba pia kwa Kiswahili ndiyo maana hadi leo anajulikana mbali na Ukambani. Kakai alifariki 1987, akiwa na umri wa miaka 33 tu.

Sikiliza benga hiyo vizuri utagundua kitu. Gita la kwanza linatembea na sauti ya mwimbaji. Gita la pili liko juu kabisa, linazunguka bila kuchoka kama gurudumu. Besi iko chini inasukuma wote. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili ili uenee kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili magita yanaachiliwa yakimbie. Mwimbaji akinyamaza, ni wale wasiotajwa ndio wanakuchezesha. Yaani sehemu tamu zaidi ya ngoma ni ya watu ambao hatuna majina yao.

Sasa hizi kazi za kutoa upya. Hazijaanza juzi. Mwaka 1989 lebo ya Rounder ya Marekani ilitoa The Nairobi Beat, mkusanyiko wa muziki wa Kenya. Shava Musik ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Kakai kwenye CD. Mwaka 2013 Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, rekodi 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zilitoka mara moja tu kwenye santuri ndogo. Humo utawakuta Ndalani 77 Brothers wakiimba Kikamba. Toleo la pili likafuata 2016.

Kuna wasee wakisikia hivi wanakasirika papo hapo: wazungu wametuibia tena! Mimi nasema tupunguze kelele kidogo. Zipo lebo zinazotafuta wenyewe na kulipa, na zipo za ujanja, hilo halibishaniwi. Lakini mtu aliyenunua santuri iliyokuwa inafunika mtungi, akaiosha, akaipeleka kwa fundi wa sauti, akaichapisha na kijitabu juu, huyo ameokoa kitu ambacho sisi tulikuwa tunakiacha kiive juani. Kanda asilia za studio nyingi hazijulikani zilipo. Mara nyingi kinachobaki ni santuri moja safi iliyotunzwa na mtu mmoja mwenye wazimu wa muziki. Bila yeye, ngoma imeisha.

Kosa ninaloliona mimi liko kwingine. Tumeacha kutoa upya kuwe kazi ya sauti pekee. Sauti inasafishwa hadi unasikia kidole kikiteleza kwenye waya, lakini ukiuliza kidole ni cha nani, kimya.

Hebu tuangalie wenye jazz yenyewe wanafanyaje. Kule Marekani, Michael Cuscuna na Charlie Lourie walianzisha Mosaic Records mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi yao ilikuwa kutoa upya jazz adimu kwa idadi maalum, kwenye masanduku makubwa, kwa ajili ya wakusanyaji na maktaba. Sanduku lao la kwanza, 1983, lilikuwa la rekodi zote alizofanya Thelonious Monk na Blue Note. Ndani kulikuwa na kijitabu chenye tarehe za kurekodi na watu waliokuwepo. Kwa hivyo leo mimi, kijana wa Kikamba niliye kwenye matatu ya Emali, naweza kukuambia kwamba tarehe 15 Oktoba 1947, Monk alipoingia studio New York, besi ilipigwa na Gene Ramey na drams zikapigwa na Art Blakey.

Soma hiyo tena. Najua jina la mpiga besi wa New York wa 1947. Sijui la mpiga besi wa River Road wa 1978, hata kama ngoma yake inachezwa redioni kila Jumapili.

Utaniambia, si kila kitu kiko YouTube? Kiko, na nashukuru. Ni huko ndiko nilipata wimbo wa babu, umepandishwa na mtu wa Ulaya aliyeonyesha picha ya ile karatasi ya katikati. Lakini YouTube haina kazi ya kuuliza maswali. Utakuta wimbo wa bendi moja umepewa jina la bendi nyingine, mwaka umebuniwa, mtunzi hayupo. Kosa hilo linanakiliwa mara mia, na baada ya miaka kumi linakuwa ndio ukweli. Musyi FM na Mbaitu FM wanaucheza muziki huu kwa moyo, lakini mtangazaji naye anasoma kilichoandikwa. Kama hakijaandikwa, atasema nini?

Siku nilipompelekea babu simu nikamwekea wimbo wake, hakulia wala kucheka. Alisikiliza upande wote wa kwanza ametulia. Upande wa pili ulipoanza akanyoosha kidole kwenye simu na kusema, "Huyo ni mimi." Kisha akaanza kutaja wengine, huyu wa gita la kwanza alitoka Nunguni, huyu wa drams alikuwa fundi wa baiskeli Wote. Alitaja wanne pamoja na yeye. Wa tano, wa lile gita la pili linalozunguka, akamkosa. Anakumbuka shati lake. Jina limeenda.

Hapo ndipo nilielewa kwamba santuri inaweza kungoja miaka hamsini stooni na bado ikalia. Jina la mtu haliwezi kungoja hivyo. Linakaa kwenye vichwa vya wazee wachache wenye miaka sabini na kitu, na kila mazishi tunayoenda linapungua.

Kuna saa nyingine inayopiga, ya sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki ya mpigaji kwenye alichopiga nayo ni miaka 50 tangu kiliponaswa. Hesabu mwenyewe. Rekodi ya 1976 ulinzi wake unakwisha mwisho wa 2026. Ya 1978, mwisho wa 2028. Mtunzi ana afueni kwa sababu tungo zinalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo. Tungo za Kakai, kwa mfano, zina ulinzi hadi mwisho wa 2037. Lakini mpiga besi, mpiga drams, mpiga gita la pili, hao dirisha lao linafungwa sasa hivi. Na huwezi kumdaia mtu haki kama hakuna karatasi inayoonyesha alikuwepo studio. Jina kwenye kijitabu si pambo, ni ushahidi.

Kwa nini sisi wenyewe hatuna orodha hiyo? Moja, sheria yetu ya vitabu na magazeti inamtaka mchapishaji apeleke nakala serikalini. Santuri si kitabu wala gazeti, na hakuna aliyebisha hodi studio za River Road kuitisha nakala. Mbili, mahali ambapo rekodi zimehifadhiwa, mlango wake ni mwembamba. Niliwahi kwenda mahali fulani Nairobi kuomba kusikiliza santuri za Kikamba. Nikaambiwa nilete barua ya chuo. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo barua sina. Niliomba angalau nione orodha. Nikaambiwa barua. Nilirudi zangu nikijiuliza: babu yangu aliyepiga huo muziki, naye angeitishwa barua ya chuo gani?

Mambo haya yanawezekana, na yameshafanyika hapa hapa. Ketebul Music ya Tabu Osusa, Nairobi, ilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008: kitabu, CD na filamu ndani ya kifurushi kimoja, wazee wakihojiwa wenyewe. Kisha kuanzia 2014 rekodi ambazo Hugh Tracey alizinasa Kenya miaka ya 1950 zilirudishwa kwa jamii zilikotoka, kwa ushirikiano wa Ketebul na hifadhi ya ILAM ya Afrika Kusini. Kwa Wakipsigis walipatikana wazee waliokuwemo kwenye rekodi hizo, zaidi ya miaka 60 baadaye. Hebu fikiria kuletewa sauti yako ya ujana ukiwa umeketi kwako.

Sasa nazungumza na kaunti zangu mbili. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka maktaba na makumbusho mikononi mwa serikali za kaunti. Hiyo si kazi ya Nairobi tena. Kitui ina chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza chenye maktaba na wanafunzi wanaojua Kikamba. Makueni inasifiwa nchi nzima kwa kuwaketisha wananchi chini ya mti na kuwauliza wanataka nini. Basi waketishwe na hawa wazee wa magita pia.

Najua jibu litakalokuja: tuna shida ya maji, wewe unaleta habari ya santuri. Mimi nimebeba mtungi, najua foleni ya maji Julai inafananaje. Siombi bwawa liahirishwe. Kinachohitajika hapa ni vijana wanne wenye simu nzuri, nauli ya pikipiki, kinanda kimoja cha santuri chenye sindano mpya, kompyuta na chumba ambacho hakivuji. Ni pesa ambayo hupotea kwenye mahema na soda za mkutano mmoja wa viongozi. Tofauti ni kwamba maji ukichelewa mwaka mmoja bado utachimba kisima. Mzee akienda na majina yake, hakuna pa kuchimba.

Ombi langu lina mambo matatu. La kwanza, kila anayetaka kutoa upya muziki wa Ukambani, awe wa Uingereza ama wa Machakos, asikubaliwe na familia hadi aonyeshe kijitabu chenye jina la kila mpigaji aliyeweza kupatikana, chombo chake, mwaka, na maneno ya wimbo kwa Kikamba na tafsiri ya Kiswahili. Jina likikosekana, aandike wazi kwamba halijapatikana, ili mwingine aendelee kutafuta. La pili, nakala za kila toleo zirudi kwenye maktaba za Kitui, Mwingi na Wote, na mtu yeyote aingie asikilize kwa kitambulisho tu, bila barua ya chuo. La tatu, mkataba uwe wa maandishi na familia ipewe nakala. Pesa za mkononi tulishazijaribu miaka ya sabini, tukaona zilikotufikisha.

Na wewe msomaji usikae ukingoja kaunti. Kazi yako ni rahisi na inaanza ukifika ushago likizo ijayo. Uliza kama kuna santuri nyumbani. Zikipatikana, usiziweke kwenye kinanda chenye sindano kuukuu, itakwangua kilichobaki. Usizilaze moja juu ya nyingine wala kuziacha karibu na bati, joto la kwetu litazipinda. Zisimamishe wima mahali penye kivuli. Piga picha karatasi ya katikati pande zote mbili, na pia zile namba zilizochongwa kwenye plastiki karibu nayo. Namba hizo ndizo humwezesha mtafiti kupanga rekodi kwa mfuatano hata kama mwaka haujaandikwa. Akija mnunuzi, usiuze kabla hujapiga picha na kuandika ni ya nani.

Kisha mtafute mzee aliyepiga. Wako wengi kuliko unavyodhani. Ni yule mzee wa kanisa, yule fundi wa viatu sokoni, yule anayelinda geti la shule. Mwekee wimbo kwenye simu, washa kinasa sauti, unyamaze. Usimuulize kama alikuwa maarufu. Muulize nani alikuwa amesimama kushoto kwake.

Mimi bado namtafuta mtu mmoja. Nimeshafika Nunguni, nikampata binti ya mpiga gita la kwanza. Anakumbuka kulikuwa na kijana wa Kitui, upande wa Migwani, aliyekuwa analala kwao siku za mazoezi na kula sana. Jina hakulipata pia, lakini aliahidi kumuuliza shangazi yake. Wiki ijayo naenda Migwani. Nikimpata, ama nikipata kaburi lake, jina litaandikwa kando ya la babu, kwenye mstari wake, na chombo chake mbele yake. Wewe je, unaanza na nani?